Hilux ya 3L: hedi imerudi, injini inazunguka, haiwaki

Gari lenyewe

Ni Toyota Hilux ya zamani yenye injini ya 3L, dizeli ya silinda nne, cc 2,779, ya wakati ule ambapo pampu ya dizeli ilikuwa chuma na springi tu bila kompyuta. Ni gari la baba mdogo. Linabeba viazi kutoka mashambani kuja Njombe mjini, na msimu ukikolea linateremka hadi Makambako. Lilichemsha mlimani likiwa na mzigo, gasketi ya hedi (kifuniko cha juu cha injini, chenye valvu) ikaungua. Dalili zilikuwa wazi: mapovu kwenye rejeta injini ikiwaka, na oili ya dipustiki imegeuka rangi ya chai ya maziwa.

Hedi ilishushwa hapohapo nyumbani, uani. Ikapelekwa mjini kupimwa kama imepinda, ikarudi, gasketi mpya ikawekwa, kila kitu kikafungwa. Fundi aliyekuwa na kazi hiyo alikuwa na safari ya mbali, akaondoka. Baba mdogo akabaki na injini inayozunguka vizuri kwa selfu (mota ya kuwashia) lakini haitoi hata mlio mmoja wa kuwaka. Akanipigia simu.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Gari limegoma. Hapa wananiambia pampu imekufa, nipeleke Mbeya."

Nikamwomba asiifungue pampu, asinunue chochote, wala asiruhusu mtu alivute. Naandika shajara hii kwa ajili ya wenye injini za namna hii, 2L, 3L na 5L, kwa sababu bado zinalisha familia nyingi sana, na pesa nyingi hupotea kwenye spea ambazo hazikuwa na kosa.

Jumamosi asubuhi

Nimefika umande bado haujakauka. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai zina baridi inayouma vidole. Kwa dizeli, baridi hiyo ni sehemu ya tatizo. Injini hii haina plagi ya cheche: inabana hewa mara 22 hivi mpaka hewa yenyewe inakuwa ya moto kiasi cha kuwasha dizeli inayopulizwa na nozeli. Kwa hiyo inadai mambo machache tu, lakini inayadai yote. Izunguke kwa kasi, ibane hewa vizuri, ipate dizeli isiyo na upepo, yaani hewa ndani yake, na dizeli hiyo ifike kwa wakati wake. Hita plagi, vijiti vya umeme vinavyopasha silinda moto, zinasaidia injini ikiwa ya baridi. Hakuna kingine.

Nilikuta trekta la jirani limeshaletwa, mnyororo uko tayari. Nimemshukuru jirani na kumwomba alirudishe. Injini iliyotoka kufunguliwa hedi imevuliwa pia belti ya taiming, ile inayofanya valvu na pampu zifuate mwendo wa pistoni. Kama belti imekaa vibaya, ukiiburuta kwa trekta valvu zinakutana na pistoni kwa nguvu zote za trekta, na kazi ya siku moja inageuka kuwa ya kununua hedi nyingine. Selfu ina nguvu ndogo, unaweza kuiachia papo hapo ukisikia kitu kinagonga. Trekta haina huruma hiyo.

Vilevile nimekataa kitambaa cha petroli kwenye njia ya hewa, ambacho watu hukiweka ili injini ishike. Hita plagi zikiwa zimewaka nyekundu, mvuke wa petroli unalipuka kabla pistoni haijafika juu. Ringi zinavunjika, pistoni inapasuka, na mtu anaweza kuungua uso. Watu hufanya hivyo kila siku na wengi hupona, najua, lakini mimi silifanyii hilo gari la mtu anayelitegemea.

Kipimo cha kwanza hakikuhitaji spana. Baba mdogo akapiga selfu, mimi nikasimama nyuma kwenye ekzosi. Hakuna moshi. Si mweupe, si mweusi, hata harufu ya dizeli hakuna. Hili ndilo jambo ningependa kila mwenye dizeli alijue: dizeli inayoingia kwenye silinda bila kuungua hutoka nyuma kama ukungu mweupe unaochoma macho. Ukipiga selfu na ekzosi ikabaki safi, dizeli haifiki. Kabla ya kufikiria kingine chochote, tafuta dizeli imekwama wapi.

Mambo ya haraka niliyapita kwanza. Betri imesoma volti 12.5 ikiwa imetulia, na haikushuka chini ya 10 selfu ikizunguka. Ingeshuka chini ya 9.6 ningeachana na mengine yote nikashughulika nayo. Waya wa ethi kutoka kwenye bloku umefungwa na umekaza. Nimevua bomba la hewa na kumulika ndani kwa tochi, kwa sababu matambara huzibiwa humo hedi ikishushwa na husahaulika. Humu hakuna. Swichi ya kuzimia iliyo nyuma ya pampu, ile solenoidi inayokata dizeli ukizima ufunguo, inapata umeme na inalia "tak" ufunguo ukiwekwa. Ingekuwa kimya, dizeli isingepita hata tone, na mtu angeilaumu pampu bure.

Jumamosi mchana, upepo

Juu ya filta ya dizeli kuna pampu ya mkono. Ukiibonyeza mara kadhaa inatakiwa iwe ngumu mpaka kidole gumba kikatae. Hii ilibaki laini tu. Gari limeingia upepo, hilo ni hakika. Swali ni upepo unaingilia wapi, maana kuutoa bila kuziba ulikopitia ni kuchosha betri.

Nimekata mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, wa kipimo kimoja na ule wa dizeli, nikauweka kati ya filta na pampu. Ukipampu kwa mkono na baadaye ukipiga selfu unaona kila kitu kinachopita. Mapovu yalikuwa yanapita mfululizo, madogo na makubwa.

Halafu nikafanya jaribio ambalo nalipenda kuliko yote kwenye dizeli. Nimejaza dumu la lita tano dizeli safi, nikaliweka juu ya paa la gari, na kuteremsha mpira wake moja kwa moja hadi mdomo wa pampu. Tangi, bomba la chini ya gari na filta vyote vimerukwa. Mpira ukatulia, hakuna povu hata moja. Kwa hiyo upepo hauingilii kwenye pampu. Unaingilia kati ya tangi na pampu, na hapo kuna vipande vichache tu vya kupima kimoja baada ya kingine.

Nikarudisha filta: bado safi. Nikarudisha mpira mfupi unaotoka kwenye bomba la chuma kuja kwenye filta: mapovu. Nikauvua na kuukunja kwa vidole. Pale klipu ilipokuwa imebana, mpira umekuwa mgumu kama mfupa na una ufa mwembamba ambao hauonekani mpaka uukunje. Umri wake umekwisha. Ulikuwa unashikilia kwa sababu haujaguswa miaka mingi, na uliposogezwa kupisha hedi ukapasuka.

Hapa ndipo wengi hudanganyika, kwa kuwa nje pakavu kabisa. Upande huu wa pampu dizeli inavutwa, haisukumwi. Tundu likiwepo halimwagi dizeli nje wakati wa kuvuta, linanyonya hewa ndani. Mtu anapitisha kitambaa, hakuna unyevu, anaondoka akiamini bomba ni zima.

Mpira mpya na klipu mbili zimepatikana dukani mjini kwa bei ndogo kuliko nauli ya kupeleka pampu Mbeya. Nimefunga, nikapampu kwa mkono mpaka ikawa ngumu, nikalegeza nati za paipu kwenye nozeli zote nne, na baba mdogo akapiga selfu kwa vipindi vifupi vyenye mapumziko ili selfu isiungue. Kwanza zinatoka povu, kisha povu na dizeli, kisha dizeli tupu inayoruka kidogo kidogo. Ikifika hapo unakaza nati. Tahadhari moja: kwenye nati iliyolegezwa dizeli inachuruzika tu, lakini usiweke kamwe mkono mbele ya nozeli inayopuliza. Presha yake inazidi bar 100 na inapenya ngozi. Jeraha lake linaonekana kama tundu la sindano, na linaweza kumkatisha mtu kidole.

Tukapiga selfu tena. Moshi mweupe umejaa uani, watoto wakakimbia. Injini haikuwaka.

Baba mdogo alikaa kwenye jiwe na kuinamisha kichwa. Mimi nilikuwa na furaha nikamweleza kwa nini: asubuhi injini haikuwa inapata dizeli, sasa inapata. Dalili ikibadilika baada ya kurekebisha kitu kimoja, umesogea mbele. Kosa la kwanza limetoka, na nyuma yake kuna lingine.

Jumapili baada ya ibada, hita plagi

Sehemu fupi. Nimefungua bati linalounganisha hita plagi zote nne ili kila moja ipimwe peke yake. Nzima husoma chini ya omu moja kati ya ncha yake na bloku. Tatu nzima, moja imekatika. Nimenunua moja, ya volti ileile iliyoandikwa kwenye zile nyingine. Hilo ni la kuangalia, kwa sababu Toyota za dizeli za zamani zipo zilizotumia plagi za volti 6 na zilizotumia za volti 12, na ya 6 ukiigusisha moja kwa moja na betri inakatika ndani ya muda mfupi.

Sikutegemea hiyo moja iwe jibu. Silinda tatu zenye joto zingetosha angalau kukohoa. Na kweli, baada ya kuibadilisha hali ni ileile: moshi mweupe mzito, hakuna kuwaka.

Jumatatu jioni, mgandamizo

Nimeazima geji ya kompresheni ya dizeli kutoka gereji moja mjini. Ya petroli haifai, haifiki namba hizi. Inafungwa kwenye tundu la hita plagi. Waya wa solenoidi nimeuchomoa ili dizeli isiingie, na plagi zote nne zimetolewa ili injini izunguke kwa wepesi.

Kitabu cha Toyota kwa injini hii kinataka karibu kilo 32 kwa sentimita ya mraba, isishuke chini ya 20, na silinda zisitofautiane kwa zaidi ya 5. Sisi tumepata kati ya 24 na 26 kwa zote. Kijana mmoja aliyekuwa anashika tochi akasema basi injini imechoka, ringi zimekwisha. Nikamwambia asubiri, tupige hesabu ya mahali tulipo.

Geji inapima hewa iliyobanwa, na hewa ya kubana hapa Njombe ni nyepesi. Kwenye mita 2,000 shinikizo la hewa ni karibu asilimia 80 ya lile la Dar es Salaam au Tanga. Chukua 32, toa moja ya tano, unapata kama 25 na nusu. Kwa hiyo 25 ya Njombe ni 32 ya pwani. Silinda hizi ni nzima, zinalingana, gasketi mpya imeziba, valvu hazijapinda. Natamani mafundi wote wa nyanda za juu walizingatie hili, kwa sababu injini nzima zimefunguliwa huku kwa kufuata namba iliyoandikwa kwa ajili ya gari lililoko usawa wa bahari.

Kipimo hiki kimenipa na jambo la pili. Kamshafti, mhimili unaofungua valvu, ingekuwa imefungwa mbali na alama yake, valvu zisingefunga kwa wakati na mgandamizo ungeanguka kwenye silinda zote. Haukuanguka. Basi injini inazunguka kwa kasi, inabana, ina joto, ina dizeli. Lililobaki ni kujua dizeli hiyo inafika saa ngapi.

Jumanne, kifuniko cha belti

Kwenye 3L belti moja inaunganisha puli tatu: ya krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) chini, ya kamshafti juu, na ya pampu ya dizeli pembeni. Krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti na pampu zinazunguka mara moja. Kila puli ina alama yake na kila alama ina mwenzake kwenye mwili wa injini.

Nimezungusha krenki kwa spana, taratibu, kwa upande inaokwenda ikiwaka, mpaka alama ya chini ikakaa sawa. Kamshafti: alama iko mahali pake, haina shaka hata kidogo. Pampu: alama haijafika. Imebaki nyuma kwa jino moja.

Nimewaita wote waje waone, kwa sababu jino moja kwa macho ni kitu kidogo sana. Lakini pampu inazunguka nusu ya mwendo wa krenki, kwa hiyo kila digrii inayochelewa inakuwa digrii mbili kwenye krenki. Dizeli ilikuwa inapulizwa pistoni ikiwa imeshapita juu na inateremka, hewa imeshaanza kutanuka na kupoa. Ikawa inageuka ukungu na kutoka nyuma bila kuungua. Ndio ule moshi mweupe.

Na si kwamba aliyefunga hakujua kazi. Pampu hii ina tabia yake. Ndani kuna sahani yenye vilima inayosukuma plunja, pistoni ndogo inayobana dizeli, na springi nzito zinazoirudisha. Pale alama zinapokutana, sahani iko karibu na kuanza kupanda kilima, na springi zinataka kuirudisha nyuma. Ukiachia puli kabla belti haijakaza, inajirudisha yenyewe. Unaweza kuwa umeweka alama sawa kabisa, ukageuka kuchukua spana ya kidhibiti belti, kile kinachoikaza, na nyuma yako puli imeruka jino bila sauti.

Namna tulivyorekebisha: nimepaka rangi nyeupe ya kucha (ya binti yake baba mdogo) kwenye jino la belti na jino la puli ya kamshafti, na vilevile kwenye krenki, ili zisisogee bila sisi kuona. Nimelegeza kidhibiti, nikateleza belti kutoka kwenye puli ya pampu peke yake. Kijana wa tochi akashika nati ya pampu kwa spana ndefu, akaisogeza mbele mpaka alama zikakutana, akaishikilia hapo mkono ukitetemeka, nami nikarudisha belti upande ule usio na ulegevu, ule unaovutwa, ndipo nikaachia kidhibiti kikaze. Hapo tu ndipo alipotoa spana yake.

Kisha mizunguko miwili kamili ya krenki kwa mkono. Hatua hii hairukwi. Mizunguko miwili inazirudisha puli zote tatu mwanzo, na ulegevu wowote uliojificha unajitokeza. Tena, kama valvu inagusa pistoni, mkono wako utahisi kizuizi kabla hakijavunjika kitu. Haikugusa. Alama tatu zimerudi mahali pake.

Jua lilikuwa limezama. Tumefunga kifuniko, tukarudisha paipu na mapanga ya feni, tukakubaliana tusiwashe gizani.

Jumatano asubuhi

Baridi kali, na hiyo ilikuwa nzuri kwa kipimo. Baba mdogo akaweka ufunguo, akasubiri taa ya hita izime, akapiga selfu. Injini ikakohoa, ikashika silinda mbili, ikatikisika na moshi, kisha ikashika zote nne na kutulia. Mama mdogo alitoka jikoni akapiga vigelegele. Baba mdogo hakusema kitu kwa muda, mkono uko kwenye dashibodi.

Hatukulizima upesi. Rejeta tuliijaza kwanza ikiwa wazi, hita ya kabini imefunguliwa ili upepo wa kwenye maji nao utoke, maana kulichemsha tena sasa ni kurudia kazi yote. Hakuna mapovu. Oili ilikuwa imeshabadilishwa, nimesema ibadilishwe tena baada ya safari chache, kwa sababu maji yaliyochanganyika na oili hayatoki yote mara moja. Nati za nozeli zimepitiwa na karatasi kavu moja moja. Ya silinda ya tatu ilikuwa inatoa jasho, ikakazwa kidogo.

Lililobaki ni hili. Injini ikiwa baridi inatoa moshi mweupe hafifu kwa dakika ya kwanza, halafu unakwisha. Alama za belti ni sahihi, lakini pampu yenyewe ina nafasi ya kuzungushwa kidogo kwenye bolti zake, na kuiweka sawasawa kunataka dial geji inayofungwa nyuma ya pampu kupima mwendo wa plunja. Kwa kukisia kwa sikio unaweza kupata injini inayowaka vizuri lakini inagonga na kupasha hedi moto, na hedi hii haitakiwi kupata moto tena. Geji hiyo nimeahidiwa Ijumaa. Mpaka hapo baba mdogo analiendesha shambani na kurudi bila mzigo, jicho kwenye mshale wa joto, na viazi vya wiki hii vinapanda lori la jirani.